Kabla Hatujanunua Roboti ya Kutembeza Wagonjwa

Kila inapooneshwa picha ya mgonjwa wa Ulaya au Marekani aliyefungwa mikanda ndani ya mashine, miguu yake ikiendeshwa na mota na kompyuta mpaka akaonekana anatembea, husikika kauli mbili katika visiwa vyetu. Kauli ya kwanza ni ya wale wanaotikisa kichwa na kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, sisi hayatuhusu, na kwamba mgonjwa wetu akishaponyoka mikononi mwa Malaika wa mauti, yaliyobaki ni subira. Kauli ya pili ni ya wale wanaotaka roboti hiyo iletwe kesho asubuhi, itafutiwe mfadhili, ikatiwe utepe na ipigwe picha. Sisi hatukubaliani na kauli yoyote kati ya hizo mbili, na tunaona ni wajibu wetu kueleza sababu zetu, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa fedha za umma na linagusa watu walio hai.

Tuanze na watu hao. Katika visiwa hivi anayeumia kichwa aghalabu ni mtu wa kazi, na mara nyingi ni kijana. Ni mchumaji aliyeanguka mkarafuu huko Wete au Micheweni. Ni mkwezi aliyeteleza juu ya mnazi asubuhi baada ya mvua. Ni kijana wa chombo cha maringi mawili aliyegongana na gari ya mchanga katika barabara ya shamba, na ni mtoto wa skuli aliyevuka njia mbio. Ubongo wa binadamu ni kitu laini kilichohifadhiwa ndani ya mfupa mgumu na kuzungukwa na maji. Kichwa kinapogonga ardhi au lami, fuvu husimama ghafla na ubongo ukaendelea kwenda. Hujigonga upande mmoja, ukarudi ukajigonga upande wa pili, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu moja na nyingine zikavutika na kukatika. Baada ya hapo huja uvimbe na damu inayovilia, na hayo ndiyo yanayoua wengi katika saa na siku za mwanzo.

Tangu mwaka 1974 madaktari wa dunia nzima wamekuwa wakitumia kipimo kilichotungwa na mabwana wawili wa Glasgow, huko Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Kipimo hicho hutazama macho ya mgonjwa, maneno yake na viungo vyake, kikampa alama kuanzia 3 hadi 15, na mwenye alama 8 au chini yake huhesabiwa kuwa ameumia vibaya. Hicho ni kipimo cha siku ya kwanza. Sisi leo tunataka kuzungumzia siku ya arubaini na kuendelea.

Kuhusu siku ya kwanza, haki lazima isemwe. Mwaka 2014 ilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, NED, kwa juhudi za daktari wa Kihispania José Piquer na wenzake wakishirikiana na Serikali. Upasuaji ambao zamani ulimlazimu mgonjwa kuvushwa bahari, sasa unaweza kufanywa hapa hapa Unguja. Hilo ni jambo kubwa. Lakini jambo hilo kubwa limezaa wajibu mwengine ambao bado hatujautazama usoni. Mtu ambaye zamani angezikwa, leo anaishi. Anatoka wodini akiwa hai, mguu mmoja umekakamaa, mkono umejikunja kifuani, ulimi mzito, na anarejeshwa kijijini kwake kwa gari ya kukodi. Anatandikiwa mkeka ukumbini. Wiki za mwanzo jamaa na majirani hujaa. Mwezi wa tatu hubaki mama mzazi au mke, na sheha anayepita mara moja moja kuuliza hali.

Katika wiki hizo ndimo mtu anapopotea kwa mara ya pili, na safari hii hapotei kwa sababu ya ajali. Kiungo kisichonyooshwa hukaza. Mishipa na kano hufupika mpaka goti likawa halinyooki hata likivutwa. Mgongo unaolaliwa hutoboka vidonda. Na ubongo wenyewe, ambao katika miezi ya mwanzo ndio wenye shauku kubwa ya kujifunza upya, haupewi cha kujifunza.

Wataalamu wamekwisha thibitisha kwamba ubongo una uwezo wa kujipanga upya. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizobaki huweza kufundishwa kazi ambazo hazikuwa zao, kama vile katika ushirika mtu mmoja anapofariki na kazi zake zikagawanywa kwa waliobaki. Mafunzo hayo yana sharti moja, nalo ni kurudia. Aliyepita chuoni utotoni analijua jambo hili bila ya kuambiwa na profesa: herufi haikai kifuani kwa kusomwa mara moja, hukaa kwa kurudiwa asubuhi na jioni mbele ya mwalimu anayesahihisha. Mguu nao ni hivyo hivyo. Hatua moja nzuri si kitu. Zinatakiwa mamia ya hatua kila siku, kwa wiki nyingi.

Hapa ndipo penye kisa cha roboti. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu waliyoifanya kwa kukaa katika vyumba vya mazoezi na kuhesabu wagonjwa wa kiharusi wanafanya nini hasa. Waligundua kwamba katika kipindi kimoja cha mkono, mgonjwa alifanya vitendo vya maana kwa wastani wa mara 32 tu, na katika kipindi cha kutembea alipiga wastani wa hatua 357. Hayo ni Marekani, penye wataalamu na vifaa. Sababu yake si uvivu. Kumtembeza mtu mzima asiyeweza kujitegemea, aliyening'inizwa kwa mikanda juu ya ukanda unaokwenda, kunahitaji wataalamu wawili hata watatu kwa wakati mmoja: mmoja kwa kila mguu, na mwengine anayeshika kiuno. Hufanya kazi wameinama, na baada ya dakika ishirini wao ndio wanaohitaji kupumzishwa.

Wahandisi wakajiuliza: kazi hii ya kurudia, mashine haiwezi kuifanya? Katika chuo cha MIT, Marekani, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walianza mwaka 1989 kuunda mkono wa roboti ambao mgonjwa huushika na kuusukuma juu ya meza, akifuata alama kwenye kioo. Anaposhindwa, mashine humsaidia. Mashine hiyo ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1994 katika hospitali ya Burke, White Plains, katika jimbo la New York. Huko Uswisi, mwaka 1996, watu waliotoka katika hospitali ya Balgrist ya Zurich walianzisha kampuni ya Hocoma, ambayo ndiyo iliyotengeneza Lokomat, mashine maarufu kupita zote kwa kazi ya kutembeza. Mgonjwa hutundikwa kwa mikanda juu ya ukanda unaokwenda, miguu yake ikafungwa katika miguu ya chuma yenye mota kwenye nyonga na magoti, na kompyuta ikaongoza mwendo, ikapima nguvu anazotoa mgonjwa na kurekodi kila hatua. Baadaye zikaja roboti za kuvaliwa mwilini, ambazo mtu hutembea nazo sakafuni. Mwezi wa Juni 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliruhusu moja ya hizo, EksoNR, itumike kwa wagonjwa waliopata madhara ya ubongo, wakiwemo walioumia kwa ajali. Hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake kupata ruhusa hiyo.

Basi mashine ipo, na inafanya kazi yake. Suali ambalo mwananchi na mtendaji wa Serikali wanapaswa kuuliza ni jengine: je, mgonjwa anayetembezwa na roboti hupona zaidi kuliko anayetembezwa na mikono ya mtaalamu?

Jawabu limo katika majaribio yaliyofanywa kwa makini, na tunaomba radhi kwa tarakimu, kwani bila ya tarakimu tutabaki kusifu na kulaani. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za maveterani wa Marekani, kwa wagonjwa 127 wa kiharusi waliokuwa na udhaifu wa mkono kwa miezi sita au zaidi. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa roboti, likirudia kitendo mara 1,024 katika kila kipindi. Kundi la pili lilipata mtaalamu aliyewafanyisha mazoezi mazito ya kiwango kile kile. La tatu lilipata huduma ya kawaida. Baada ya wiki 36 wa roboti walikuwa wameshinda huduma ya kawaida, lakini hawakuwashinda waliofanyishwa mazoezi mazito na mtaalamu. Mwaka 2019 Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la watu 770, na roboti haikuonekana kuzidi huduma ya kawaida katika kuurejeshea mkono kazi yake.

Hao walikuwa wagonjwa wa kiharusi, na majaribio mengi ya roboti ni ya kiharusi. Kwa walioumia kichwa kwa ajali, ushahidi ni mdogo zaidi. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013 kutoka kituo cha MossRehab, Pennsylvania, lilikuwa na watu 16 tu; nusu walitembezwa na roboti na nusu kwa mikono. Makundi yote mawili yaliongeza mwendo, na tofauti baina yao katika kasi haikuwa ya kuhesabika. Tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa kwa watumishi: kwa roboti walihitajika watu wachache, na jasho kidogo.

Mapitio ya majaribio ya kutembeza wagonjwa wa kiharusi yanaongeza jambo moja la muhimu sana. Mashine ikiunganishwa na fiziotherapia, huongeza idadi ya wanaorudi kutembea bila ya kushikwa, na faida hiyo huonekana zaidi kwa wale walio katika miezi mitatu ya mwanzo na ambao hawawezi kutembea kabisa. Aliyekwisha kuinuka na kujikongoja hafaidiki sana nayo.

Tukiyakusanya hayo, maana yake ni nyepesi kueleweka. Kinachomrudisha mtu ni wingi wa mazoezi, mapema, chini ya jicho la anayejua. Roboti ni chombo cha kuzidisha wingi huo pale ambapo mgonjwa ni mzito, hajiwezi, na mikono ya kumshika ni michache. Hapo ina heshima yake. Pasipo na mtaalamu haina kazi, kama boti ya injini isiyokuwa na nahodha.

Tena mashine ina kasoro yake ambayo wauzaji hawaitii sauti. Ikimbeba mgonjwa kupita kiasi, mgonjwa huacha kujibidiisha. Miguu inakwenda, yeye yumo kama abiria. Kwa hiyo waundaji wamelazimika kuifundisha mashine kusaidia kwa kiasi kinachohitajika tu, na hata hivyo lazima pawepo mtu wa kumtazama mgonjwa usoni na kumwambia: hii yako, sukuma wewe.

Na lipo jengine kubwa zaidi. Jeraha la ubongo halikai miguuni tu. Kijana anaweza kurudi kutembea vizuri kabisa, lakini akawa anasahau alichoambiwa adhuhuri, anakasirika kwa jambo dogo na kupiga, hawezi tena kuhesabu chenji dukani, au anacheka msibani. Majirani humwita mwendawazimu. Wengine husema amepandwa na shetani wa mkarafuuni, na ng'ombe na mbuzi wa familia wakauzwa kwa ajili ya waganga. Mke huvumilia mwaka, kisha huombewa talaka na wazee wake. Hakuna roboti ya kutembeza inayotibu hayo. Yanatibiwa na wataalamu wa maneno, wa kumbukumbu na wa kazi za mikono, na kwa familia kuelezwa mapema, kabla hajatoka hospitali, kwamba tabia hii ni sehemu ya jeraha kama ilivyo kovu la kichwani. Maelezo hayo ya nusu saa yana thamani ambayo hatudhani kuna anayeweza kuitia bei.

Sasa turejee kwa wenye kauli ya kwanza, wanaosema hayatuhusu. Tunawajibu kwamba yanatuhusu kuliko hao wanaoitwa matajiri. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2023, ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 katika mwaka 2021, na vifo 92 katika kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa kila aliyekufa wapo walioumia na wakaishi. Shirika hilo hilo linasema kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana maradhi au majeraha ambayo huduma za utengamao zingewafaa, na kwamba katika nchi nyingi za hali yetu wataalamu wa huduma hizo hawafiki 10 kwa kila watu milioni. Kiwango hicho, kwa watu 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar mwaka 2022, kingekuwa ni wataalamu wasiofika 19 kwa visiwa vyote, kwa maradhi yote. Mwezi wa Mei 2023 mkutano mkuu wa afya wa dunia, huko Geneva, ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize utengamao katika huduma zao za kawaida za afya. Nchi iliyotangaza matibabu bure baada ya Mapinduzi ya 1964 haiwezi kusema kwamba tiba inaishia pale nyuzi za mshono zinapotolewa. Kumwacha mtu mkekani kwa sababu amezaliwa kisiwani ni unyonge, na unyonge si hoja.

Wala teknolojia hii si lazima iwe ya bei ya Uswisi. Katika mji wa Chihuahua, Mexico, palijaribiwa ukumbi wa mazoezi wenye mashine rahisi kadhaa, wagonjwa wakizunguka kutoka moja kwenda nyengine, mtaalamu mmoja akiangalia watu kadhaa kwa wakati mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, ya wagonjwa 20, yalionesha kwamba waliopita katika ukumbi huo waliendelea vizuri sawa na waliopata huduma ya mtaalamu mmoja mmoja, na mtaalamu aliweza kuhudumia watu wengi zaidi. Kwa nchi yenye uhaba wa wataalamu, huo ndio mfano wa kwenda kuutazama, na nauli ya kwenda Mexico ni nafuu kuliko mashine moja kubwa.

Kwa wenye kauli ya pili tuna maneno makali kidogo. Lokomat moja huhesabiwa kwa malaki ya dola. Inataka chumba chenye hewa iliyopozwa, umeme usiokatika katika, fundi aliyesomeshwa na waliotengeneza, vipuri vinavyoagizwa nje, na programu za kompyuta ambazo zina wenyewe. Hewa yetu ni ya chumvi. Kila mwenye feni anajua inavyokula chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba katika nchi za hali ya chini takriban asilimia 40 ya vifaa vya hospitali havifanyi kazi. Nani miongoni mwa watendaji wetu hajapata kuona, katika ukumbi wa nyuma wa jengo fulani, kifaa kilichofunikwa shuka kikisubiri fyuzi kwa mwaka wa tatu? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mfadhili anayetoa mashine bila ya fundi, bila ya vipuri vya miaka kadhaa na bila ya kuwasomesha vijana wetu, ametupa mzigo wa kuhifadhi. Na afisa anayetia saini mkataba wa namna hiyo kwa furaha ya utepe, ameipokea aibu kwa niaba ya wananchi.

Hatusemi mashine isinunuliwe abadan. Tunasema isitangulie. Fedha za kwanza ziende kwenye mikono. Skuli ya fiziotherapia iliyopo KCMC, Moshi, imekuwa ikitoa wataalamu tangu miaka ya 1970. Vijana wetu wapelekwe huko kwa idadi inayojulikana, wasainishwe mkataba wa kurudi, na wakirudi wakute nafasi za kazi zilizokwisha kupitishwa, si kuzungushwa maofisini mpaka wakaajiriwa na mahoteli kukanda watalii. (Tunawajua waliofanya hivyo, na hatuwalaumu.) Kila hospitali ya wilaya kati ya zile zilizojengwa miaka hii ya karibuni iwe na chumba cha mazoezi kinachofunguliwa kila siku. Vyuma vya kushikilia pande mbili, ngazi ya hatua nne, meza ya kumsimamisha mgonjwa, magongo na vigari, vyote hivyo mafundi wetu wa vyuma na maseremala wanaviweza wakipewa vipimo. Siku moja ya kazi ya fundi seremala wa Chake Chake inaweza kumsimamisha mtu ambaye picha ya roboti haitamfikia.

Pia ifikiriwe nauli. Mgonjwa wa mkekani hapandi daladala peke yake. Anakodiwa gari, anafuatana na mtu aliyeacha kazi siku hiyo. Anayeambiwa aje mara tatu kwa wiki huja wiki mbili, kisha hukata tamaa, na kwenye daftari huandikwa kwamba hakuhudhuria, kana kwamba ni utoro. Mtaalamu mmoja mwenye pikipiki na mafuta, anayezunguka shehia kwa zamu na kumfundisha mama au kaka wa mgonjwa namna ya kunyoosha goti na kumgeuza kitandani, atafanya kazi ya wengi. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1985, una wanachama wanaoyajua mambo haya kwa kuyaishi, na mpango wowote utakaotungwa bila ya wao utakuwa na mapengo ambayo mtu mwenye miguu miwili mizima hawezi kuyaona.

Liko shirika ambalo tunalitaja kwa wema ili lifanye wema zaidi. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka mikarafuu, nalo ni jambo la insafu, kwani karafuu ya mchumaji ndiyo fedha ya kigeni ya Taifa. Lakini fidia ya mkupuo mmoja huliwa na msiba wenyewe: huingia katika madeni, chakula cha wageni na usafiri. Tunapendekeza sehemu yake ilipwe kwa sura ya mazoezi, yaani Shirika limlipie aliyeumia kichwa au uti wa mgongo vipindi vya fiziotherapia na nauli zake kwa miezi sita ya mwanzo, ambayo ndiyo miezi yenye thamani. Hata kwa hesabu ya biashara tupu, mchumaji aliyerudi shambani ana faida kuliko aliyelipwa akakaa.

Na yapo yanayoweza kuzuiwa kabla ya mtu kufika huko. Kofia ngumu ya pikipiki, ikivaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Tunasema ikivaliwa, kwa sababu katika barabara zetu kofia nyingi huning'inia kwenye usukani na kuvaliwa anapoonekana askari, na abiria wa nyuma, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyebeba mtoto, hana kabisa. Kofia moja haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya siku moja ya upasuaji wa ubongo. Kwenye mikarafuu, kamba ya kujifunga kiunoni haijawa desturi. Vijana huiona ni woga. Mabwana shamba na masheha wanaweza kuianza desturi hiyo katika msimu mmoja, wakiamua.

Jambo la mwisho ni daftari. Hatuwezi kulitaka Baraza la Wawakilishi lipitishe fedha kwa kazi isiyohesabika. Wizara ya Afya ifungue rejista ya kila aliyelazwa kwa jeraha la kichwa, Unguja na Pemba, iandikwe ameumia wapi na vipi, ana alama ngapi kwa kipimo cha Glasgow, ametoka lini, na, muhimu kuliko yote, aangaliwe tena baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili: anasimama? anakula kwa mkono wake? amerudi kazini au skuli? Kazi hiyo inahitaji karani, simu na ushirikiano wa masheha. Baada ya miaka miwili tutajua ni wangapi miongoni mwao walikuwa hawajiwezi kabisa katika miezi ya mwanzo na wangefaidika na mashine, na ni wangapi walihitaji mikono tu. Hapo ndipo mwenye kuitaka roboti alete ombi lake, lenye idadi ya wagonjwa, majina ya mafundi waliosomeshwa, bei ya vipuri na chumba kitakapowekwa, nasi tutakuwa wa mwanzo kuliunga mkono.